Kuosha dhahabu kwa karai: mwongozo wa anayeanza, na habari za walioosha kabla yetu

Mara ya kwanza niliposhika karai mtoni, upande wa Chunya, niliosha mchanga karibu saa nzima nikabaki na chuma kitupu. Mama mmoja aliyekuwa ameinama hatua chache kutoka nilipokuwa alinitazama muda mrefu bila kusema kitu. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akaitikia marahaba, kisha akaongeza, "Mwanangu, hilo karai unalitikisa kama unafua. Yote umeshaurudishia mto." Akachota mchanga palepale nilipochota mimi, akaosha dakika chache, akaniinamishia karai lake nione. Kwenye ukingo wa mchanga mweusi kulikuwa na chembe nne za njano, ndogo kuliko mbegu za mchicha.

Nimeandika haya kwa ajili ya mtu aliye pale nilipokuwa siku ile. Niseme mapema ili tusidanganyane: karai peke yake ni nadra kumtajirisha mtu. Wachimbaji wazoefu hulitumia zaidi kuuliza kuliko kuvuna. Hapa dhahabu ipo? Ni nyingi kiasi gani? Imetoka wapi? Hata mwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, la mita arobaini, kabla hajapeleka mawe yake kwenye karasha, mashine ya kusagia mawe, hutwanga kidogo, huosha kwenye karai, na hapo ndipo huamua kama siku hiyo atacheka au atakopa.

Kwanza, dhahabu ya Kilwa ilitoka wapi

Watu wa pwani tumekua tukisikia kwamba Kilwa ilikuwa mji wa dhahabu. Ni kweli, ila Kilwa yenyewe haina dhahabu. Kisiwa chake ni mawe ya matumbawe na mikoko. Dhahabu ilitoka mbali kusini, kwenye nyanda za juu ambazo leo ni Zimbabwe, ikateremka hadi bandari ya Sofala katika Msumbiji ya leo, kisha ikapanda majahazi kuja Kilwa. Vyombo vya Uarabuni na Bara Hindi viliweza kufika Kilwa na kurudi kwao kwa msimu mmoja wa kaskazi na kusi. Kuvuka hapo kwenda kusini zaidi, pepo zilikuwa haziaminiki, na Waswahili wa Kilwa wakawa ndio wenye njia.

Msafiri Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331, mfanyabiashara mmoja alimweleza kwamba Sofala iko mwendo wa nusu mwezi, na kwamba vumbi la dhahabu huletwa Sofala kutoka nchi ya Yufi, mwendo wa mwezi mzima kuingia bara. Sultani wa wakati huo, al-Hasan ibn Sulaiman, ndiye aliyejenga jumba la Husuni Kubwa, ambalo magofu yake bado yanaitazama bahari. Sarafu ya shaba yenye jina lake imewahi kuokotwa kwenye mji wa kale wa Great Zimbabwe.

Ukisikia vumbi la dhahabu, jua kuna mtu aliyechuja mchanga. Wakulima wa nyanda zile walichimba mashimo kufuata miamba, na pia walishuka mitoni baada ya mavuno, maji yakiwa yamepungua na shamba likiwa halina kazi, wakaosha mchanga kwa vyombo vya mbao. Wanawake na watoto walikuwa wengi katika kazi hiyo. Vumbi lililopatikana lilitiwa ndani ya mabua ya manyoya ya ndege, yakazibwa, yakabadilishwa kwa nguo na shanga kutoka pwani. Wafanyabiashara walilihesabu kwa mithqali, uzani wa Kiislamu wa gramu nne na ushei.

Mwaka 1505 Wareno waliivamia Kilwa na kujenga ngome Sofala, wote wakiifuata dhahabu hiyo. Hawakukuta mgodi mmoja wa kuuteka. Dhahabu ilikuwa imesambaa mikononi mwa watu wengi mno, kila kaya na kijito chake na msimu wake. Huwezi kuweka mizinga mbele ya jambo kama hilo.

Hatua ya 1: Ruhusa

Hapa watu hupenda kuruka. Usiruke.

Tanzania, madini ni mali ya taifa hata yakiwa chini ya mgomba wako. Leseni ndogo ya uchimbaji hutolewa kwa Watanzania, nayo hupatikana kupitia ofisi ya madini ya mkoa. Kwa anayejifunza, njia nyepesi ni kwenda kwa mwenye leseni, umwombe uoshe ndani ya eneo lake, mkubaliane mapema chembe zitakuwa za nani. Kumbuka pia Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004: ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto hairuhusiwi shughuli ya kudumu au inayoharibu mazingira. Kenya, Sheria ya Madini ya 2016 iliwatambua wachimbaji wadogo na kuwawekea utaratibu wa vibali. Baada ya serikali, nenda kwa mwenye shamba, na mwenyekiti wa kijiji ajue kwamba upo.

Ukiona haya ni usumbufu, kumbuka Kakamega. Mwaka 1931 mlowezi wa Kimarekani, L. A. Johnson, alipata dhahabu kwenye mito ya huko, na walowezi wengi, ambao bei ya mahindi ilikuwa imewaangusha, wakamiminika na makarai yao. Ardhi ilikuwa ya Waluhya, ndani ya hifadhi iliyotengewa wenyeji, ambayo sheria ya mwaka 1930 iliahidi kwamba kipande kikichukuliwa, wenyewe watapewa kingine badala yake. Mwaka 1932 serikali ya kikoloni ikaibadili sheria ile ili ardhi ichukuliwe kwa ajili ya dhahabu bila ardhi nyingine kutolewa. Ahadi ilikuwa haijafikisha hata miaka mitatu. Wazee wa huko wana haki ya kukutazama kwa jicho la pembeni ukitokea shambani kwao na karai begani.

Hatua ya 2: Vifaa

Karai pana, lenye kina kifupi na kuta zilizolala, si zilizosimama. Karai la fundi uashi linafaa kabisa ikiwa halina mikunjo chini. Kasoro yake ni mafuta ya kiwandani: dhahabu laini ikigusa mafuta huelea na kuondoka na maji kama vile haina uzito. Lisugue kwa majivu na mchanga, suuza, sugua tena, hadi maji yakimwagwa ndani yaenee badala ya kujikusanya matone. Karai la bati lililopakwa zinki usilichome motoni kuondoa mafuta. Moshi wake haufai kuvutwa. Beseni maalumu la plastiki jeusi lenye mifereji pembeni ni rahisi zaidi kwa anayeanza, kwa sababu mifereji inashika chembe na weusi unaonyesha njano vizuri.

Vingine ni vya kawaida: sururu, koleo dogo, kijiko cha zamani, ndoo mbili, chekecheo la matundu ya nusu sentimita hivi, sumaku iliyofungwa ndani ya mfuko wa nailoni, kichupa chenye kifuniko kinachobana, na kijiti au manyoya ya kuku ya kuokotea chembe. Chukua na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Tone moja ndani ya karai linavunja ule utando wa juu wa maji unaobeba chembe nyepesi. Wengi hawaamini mpaka waone.

Hatua ya 3: Kuusoma mto

Ukikosea hapa, mikono mizuri haitakusaidia.

Dhahabu ina uzito mara 19 wa maji. Mchanga wa kawaida, ambao zaidi ni jiwe jeupe la kwatzi, ni mara mbili na nusu tu. Siku za kawaida mto hauna nguvu ya kuisogeza dhahabu. Huisogeza wakati wa mafuriko, na kila maji yanapopunguza kasi, dhahabu ndiyo ya kwanza kudondoka. Kwa hiyo jiulize maji ya masika yaliyopita yalipunguza kasi wapi.

Tazama upande wa ndani wa kona, pale mchanga unapojaa kila mwaka. Upande wa nje maji yanakimbia na kula ukingo. Tazama nyuma ya jiwe kubwa, upande ambao maji yanaelekea. Tazama mwamba wa chini unapojitokeza, hasa wenye nyufa zinazokatiza mto, kwa maana kila ufa ni mtego. Mizizi ya nyasi na miti inayofunikwa na maji ya mafuriko nayo hunasa: ng'oa fundo moja la nyasi, likung'ute ndani ya ndoo, osha hayo matope. Nimewahi kuona mzee mmoja asiyechimba kabisa, kazi yake kukung'uta mizizi tu, na jioni hakuwa na kidogo kuliko sisi.

Msimu mzuri ni ule wa wazee wa Sofala na bara yake, maji yakishashuka. Wakati wa mvua kubwa achana na mto. Utapoteza muda, na ukizembea utapotea wewe mwenyewe.

Hatua ya 4: Kuchota

Mchanga wa juu mara nyingi hauna kitu. Dhahabu huzama ndani ya kokoto kila mto unapotikisika, hadi ikutane na kitu kigumu: mwamba wenyewe, au tabaka la mfinyanzi lililoshikana. Chimba hadi hapo. Kokoto za chini kabisa na matope yaliyo juu ya mwamba ndiyo unayoyataka, na nyufa za mwamba zikwangue kwa kijiko mpaka ziwe safi. Ndoo moja ya kutoka chini ina thamani kuliko toroli zima la kutoka juu.

Shimo la kando ya mto lisizidi kiuno chako bila kuwekewa nguzo. Kingo za mchanga hazitoi taarifa.

Hatua ya 5: Kuloweka na kuvunja matope

Pitisha mchanga kwenye chekecheo juu ya ndoo. Kokoto kubwa zitupe, lakini zitazame kwanza. Jiwe jeupe lenye kutu ya kahawia liweke kando, uje ulitwange. Jaza karai robo tatu, lizamishe majini, ufinye mchanga kwa vidole kama unakanda unga wa maandazi. Mabonge ya mfinyanzi ni wezi: bonge likiviringika kwenda nje linaondoka na chembe lilizozibeba. Endelea kukanda na kumwaga maji machafu taratibu hadi maji yasafike.

Hatua ya 6: Kutikisa

Hapa ndipo nilipokuwa nafua nguo.

Chuchumaa mahali ambapo maji yanakwenda polepole na kina chake kinafika kwenye mashavu ya miguu. Shika karai pande mbili, lizamishe lote, liwe sawasawa bila kuinama upande wowote. Sasa litikise kushoto na kulia, haraka haraka, kwa viganja na si kwa mabega, kiasi kwamba mchanga wote unacheza ndani kama uji unaotokota lakini hakuna kinachoruka nje. Hesabu hadi thelathini. Huoshi kitu bado. Unaupanga mchanga tu. Kizito kinashuka, chepesi kinapanda.

Maji yana kazi kubwa hapa. Nchi kavu dhahabu ina uzito mara saba wa kwatzi. Ndani ya maji, kila kitu kinapunguziwa uzito wa maji kiliyoyasukuma, na tofauti inapanda kufikia karibu mara kumi na moja. Ndiyo maana karai lenye maji kidogo linakuwa zito mkononi na bado halitengi kitu. Mchanga ukigandamana, hata jiwe la dhahabu litabaki juu yake.

Hatua ya 7: Kumwaga

Inamisha karai mbele kidogo, mdomo wake ukitazama mbali nawe, ukingo ukiwa chini ya maji kidogo tu. Sogeza karai mbele na nyuma ili wimbi dogo liingie, lipande juu ya mchanga, lirudi likiwa limebeba tabaka la juu. Mawimbi matatu, manne. Kisha acha. Rudisha karai sawasawa, zamisha, tikisa tena kama hatua ya sita. Inamisha, mawimbi matatu. Tikisa tena.

Mama yule alinieleza kwa maneno machache: "Ukimwaga bila kupanga, unamwaga bahati." Wanaoanza wakishaona mchanga unaondoka vizuri wanapata tamaa, wanamwaga, wanamwaga, bila kurudi kutikisa. Baada ya mawimbi sita, saba, tabaka la juu limeisha na sasa unamwaga lile la katikati, ambalo bado halijapangwa.

Kadiri mchanga unavyopungua ndivyo unavyopunguza nguvu. Mwanzo unasukuma vijiko viwili kwa wimbi. Mwishoni unasukuma punje. Utaona rangi inabadilika: mchanga mweupe na mwekundu unaondoka, mweusi unabaki. Mchanga huo mweusi ni madini ya chuma, yana uzito mara tano hivi wa maji, na ndiye mwenyeji wa dhahabu. Ukikosa mchanga mweusi kabisa, ama mto huo hauna vitu vizito, ama umeshamwaga ulichokuja kutafuta.

Ukibakiwa na kama vijiko viwili vya mchanga mweusi, toka majini. Ukae chini, kivulini, na maji kidogo ndani ya karai.

Hatua ya 8: Mkia

Weka maji kiasi cha kikombe kimoja cha kahawa. Kusanya mchanga wote kwenye kona moja ya karai, liinamishe, uzungushe maji polepole yapite juu ya mchanga yakiuvuta. Mchanga utatanda kama mkia: mwepesi unakimbia mbele, mzito unachelewa. Nyuma kabisa, pale mkia unapoanzia, ndipo njano inapojitokeza. Usipumue kwa haraka. Wakati mwingine ni nukta moja unayoiona ukigeuza kichwa na kuipoteza ukikigeuza tena.

Ni dhahabu au ni kingine? Weka kivuli cha mkono juu yake. Dhahabu inabaki njano ileile kwenye jua na kwenye kivuli, wakati pairiti (madini ya njano yanayowadanganya wengi) na ulanga (vigamba vyepesi vinavyong'aa) humeta juani na kufifia kivulini. Kisha tazama mwendo wake: ulanga ni mwepesi, hupeperushwa na wimbi dogo, lakini dhahabu hung'ang'ania palepale mchanga ukimkimbia. Mwishowe ibonyeze kwa ncha ya sindano. Dhahabu inabonyea, pairiti inavunjika vipande.

Mchanga mweusi uliobaki ukaushe juani, kisha pitisha sumaku juu yake ikiwa ndani ya mfuko wa nailoni. Sehemu kubwa itarukia sumaku. Vuta sumaku nje ya mfuko, mchanga udondoke pembeni, rudia. Sumaku huondoka na chembe zilizonaswa katikati, kwa hiyo mchanga huo usiutupe. Hifadhi kwenye kopo uje uuoshe tena siku ya mvua. Chembe zako ziokote kwa kijiti kilicholowa, ziingie kwenye kichupa chenye maji.

Zoezi la nyumbani

Kabla hujaulaumu mto, jipime. Chukua risasi ya ndoana ya kuvulia samaki, ikate vipande kumi vidogo kama punje za mtama, uvigonge viwe bapa. Vichanganye kwenye karai la mchanga wa kawaida, osha juu ya beseni, hesabu ulivyobakiwa navyo. Risasi ina uzito mara 11 tu wa maji, hivyo ni ngumu kuitenga kuliko dhahabu. Ukipata tisa kati ya kumi mara tatu mfululizo, mkono wako umeiva. Mimi nilianza na vinne. Risasi ni sumu, nawa mikono, na beseni hilo lisirudi jikoni.

Usiguse zebaki

Mtu atakuja akuambie chembe laini hazikusanyiki bila zebaki. Hicho ndicho kinachofanyika kwenye mialo mingi, yaani mahali pa kuoshea dhahabu kwa mifereji ya mbao: zebaki inatiwa kwenye mchanga mweusi, inaikumbatia dhahabu, mnapata donge la rangi ya fedha, donge linachomwa, zebaki inapaa na dhahabu inabaki. Lakini hiyo inayopaa haina harufu, inaingia kwenye mapafu, na inashambulia mishipa ya fahamu. Mikono kutetemeka ni mojawapo ya dalili zake. Inayomwagika inafika mtoni, inaingia kwa samaki, inarudi mezani. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 ulitungwa kudhibiti zebaki, ukaitwa jina la mji wa Japani ambako watu walilemazwa na samaki wa aina hiyo. Nimekaa kwenye mialo ambako donge lilichomwa juu ya jiko lilelile lililochemshia chai, watoto wakiwa wamelizunguka kwa sababu asubuhi ilikuwa na baridi.

Kwa kiasi cha karai huihitaji. Osha mchanga mweusi mara tatu, nne, taratibu, na kilichobaki kiyeyushwe kwa boraksi, unga mweupe unaosaidia dhahabu kuyeyuka, na mtu mwenye jiko linalofaa. Waliojaza mabua ya manyoya kwa ajili ya soko la Sofala walitumia maji na subira.

Kwa mchanga mwingi kuna mwalo: mfereji wa mbao uliolala kwa mteremko, umetandikwa blanketi au gunia, maji na mchanga vinapita juu na vizito vinanasa kwenye nyuzi. Baadaye blanketi linakung'utwa ndani ya beseni na karai linamalizia. Si jambo jipya. Mgiriki Strabo, miaka elfu mbili iliyopita, aliandika kwamba watu wa milima ya Caucasus walinasa dhahabu ya mito kwa ngozi za kondoo zenye manyoya, na akasema ndiko kilikotoka kile kisa cha kale cha Wagiriki cha ngozi ya dhahabu.

Kupima na kuuza

Machimboni dhahabu ndogo huhesabiwa kwa pointi, na pointi kumi ni gramu moja. Tangu 2019 Tanzania ina masoko ya madini, la kwanza likifunguliwa Geita. Peleka huko, upimwe mbele ya macho yako, upewe risiti. Dalali wa chini ya mwembe ana mzani wake na hesabu zake. Sisemi wote ni waongo, nasema mzani wa sokoni unakaguliwa.

Kama unapenda sarafu za kale, ipo moja nzuri. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani wakiwa wamezingirwa na fedha zimewaishia, walitengeneza Tabora mwaka 1916 sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo. Kazi ilifanyika kwenye karakana ya reli. Dhahabu ilitoka Sekenke, huko Singida, na sarafu zilizopigwa zilikuwa elfu kumi na sita na ushei. Leo wakusanyaji wa sarafu wanazigombania.

Hatua ya 9: Daftari

Kila karai ulilomaliza liandike: tarehe, mahali, kina ulichochota, chembe ngapi, na umbo lake. Umbo lina maana. Chembe bapa, laini, zenye kingo zilizopondeka zimesafiri mbali na kugongwa na mawe njiani. Chembe zenye ncha, zilizokunjamana, au ambazo bado zimeshika kipande cha jiwe jeupe, zimetoka karibu.

Kisha fukia shimo lako na upande mto. Nenda hatua hamsini juu, osha makarai mawili, andika. Hamsini nyingine, mawili, andika. Kila kijito kinapoingia mtoni, osha chini ya makutano na juu ya makutano. Chembe zikitoweka juu, jua zinatoka kwenye kijito, kifuate hicho. Kwenye bonde la Lupa, huko Chunya, dhahabu ilipogunduliwa mwaka 1922, watu walianzia kwenye mchanga wa vijito, na miamba ikaja baadaye.

Ukifika mahali ambapo makarai yaliyokuwa na chembe tano, nane, kumi na mbili zenye ncha yanageuka ghafla kuwa matupu, na ukaosha mengine matatu juu zaidi ukapata matupu tena, usiendelee kupanda. Rudi kwenye karai la mwisho lililokuwa na kitu, uache mto, uanze kupima udongo wa miteremko ya pande zote mbili.

Mwamba uko kati ya karai lile na hili.